Refa Kipofu, Je, Ana Mke?

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajashusha mkoba begani, Kichwa aliitwa mezani kwa Mhariri akaambiwa kwamba dunia nzima inamtafuta kipofu mmoja.

Mhariri alipenda kusema "dunia nzima" akimaanisha watu wa mji ule na jirani zao. Alimgeuzia kompyuta ajionee. Tangu Jumamosi jioni, maneno yaliyotafutwa zaidi mtandaoni upande wa michezo yalikuwa mawili tu: refa kipofu. Chini yake yalijipanga maswali ambayo watu huyaandika wakiwa peke yao na simu zao, wakidhani hakuna anayewaona. Refa kipofu ni nani. Refa kipofu anaishi wapi. Refa kipofu ana miaka mingapi. Refa kipofu ana mke?

"Wanauliza," Mhariri alisema. "Sisi kazi yetu ni kujibu."

Kichwa hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa pale ofisini, ghorofani juu ya duka la magodoro, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunga vichwa vya habari na hakuna aliyemfikia. Blogu yao haikuwa na mwandishi hata mmoja aliyekwenda uwanjani. Habari za michezo waliziokota zikiwa zimeshapoa, wakazipasha moto upya kwa namna ambayo mtu akiuliza jambo mtandaoni, blogu yao iwe ya kwanza kuitika. Mechi iliyokwisha bila bao ilitoka mikononi mwa Kichwa ikiitwa "Kwa Nini Hakuna Aliyefunga? Sababu Unazopaswa Kuzijua." Kipa akiteguka kidole, yeye aliandika "Kidole cha Kipa: Je, Atadaka Tena?" Neno linalotafutwa lilitakiwa likae kwenye kichwa, likae kwenye sentensi ya kwanza, kisha lizidi kurudi kila baada ya aya, kama mgeni anayeaga lakini haondoki.

Mechi yenyewe hakuitazama. Habari zake, hata hivyo, alikuwa nazo kuliko alivyotaka, kwa sababu alikuwa akiishi na baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, ambaye siku za kazi aliweza kushinda mchana kutwa akiibembeleza friji mbovu kana kwamba ni mtoto aliyegoma kula. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Timu yake ilikuwa imebakiza goli moja tu iingie fainali ya kombe, na goli hilo likapatikana dakika za nyongeza, na refa akalikataa. Alisema mfungaji aliugusa mpira kwa mkono. Baba alizima televisheni, akaenda kulala bila kula. Jumapili nzima alikuwa na maneno mawili tu mdomoni. Shangazi, dada yake aliyehamia pale kumlea Kichwa tangu mama yake alipofariki, alimuuliza kama amwongezee sukari kwenye chai. Baba akamjibu, "Mkono gani?"

Kwa hiyo Kichwa alipokaa kuandika, hakuandika kama mfanyakazi tu. Aliandika kama binti anayemlipia baba yake kisasi. Kichwa cha habari kilimjia chenyewe: "Refa Kipofu ni Nani? Umri, Kazi, na Je, Ana Mke?" Umri hakuujua, akaandika kwamba ni mtu mzima. Kazi hakuijua, akaandika kwamba ni refa. Alipofika kwenye mke akasita, lakini Mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Swali likiulizwa lazima lijibiwe, alisema, la sivyo watalijibu wenzetu. Kichwa akaandika: "Kuhusu mke, refa kipofu bado hajaoa. Inasemekana wanawake wamekuwa wakipita mbele yake kwa miaka mingi bila yeye kuwaona."

Alicheka peke yake, akabonyeza, ikaenda hewani.

Kufikia mchana posti ile ilikuwa juu kuliko zote. Mhariri alimnunulia soda, jambo lisilo la kawaida. Nyumbani, baba alimtaka Shangazi amsomee mara mbili, kisha akala chakula chake chote, akasema sasa anaweza kufa kwa amani. Hakufa. Alichofanya ni kupiga marufuku jina la refa yule lisitajwe tena ndani ya nyumba yake, na mtu akilitaja, iwe ni jirani au mteja, yeye aliondoka zake.

Jumatano, saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu, aliingia mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kichwa alikuwa akimsubiri fundi wa printa tangu asubuhi. Bila kuinua macho sawasawa alimwonyesha kona, akamwambia printa ni ile pale na karatasi zimenasa tumboni. Mwanamume akasimama kidogo, kama mtu anayetafakari, kisha akaenda. Alipiga goti, akafungua kifuniko, akaingiza vidole taratibu, akatoa karatasi iliyojikunja kama kiwavi. Printa ikanguruma, ikaanza kutoa kazi za tangu juzi.

"Ahsante sana, kaka," Kichwa alisema.

"Si kitu, dada. Sasa naweza kumwona aliyeandika ile habari ya refa kipofu?"

Hapo Kichwa akainua kichwa. Alidhani amepata msomaji, na msomaji wa ana kwa ana hakuwahi kumpata. Akajitaja kwa fahari. Akamvutia kiti. Akamweleza mbinu zote: jinsi neno linavyorudiwa, jinsi swali linavyopandishwa kwenye kichwa cha habari, jinsi aya zinavyokatwa fupi ili kidole kisichoke. Mwanamume alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya magoti. Alikuwa na macho yaliyotulia sana. Kichwa aliona kwamba anazungumza zaidi ya kawaida yake, na kwamba sababu ni macho yale.

"Na hilo la mke," mwanamume aliuliza, "nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilibuni tu."

"Ulibuni vizuri. Sijaoa."

Ilichukua muda neno hilo kufika. Lilipofika, Kichwa alitazama kompyuta yake, ambako picha ya refa ilikuwa bado imefunguka: filimbi mdomoni, mashavu yamevimba, mkono umeziba nusu ya uso. Akamtazama aliyekaa mbele yake. Alitamani printa ile inase tena, apate pa kwenda.

Refa hakufoka. Kama angefoka, Kichwa angejua la kufanya. Alieleza kwa sauti ile ile kwamba matusi ameyazoea, ni sehemu ya filimbi, na kuitwa kipofu hakumnyimi usingizi. Tatizo lake lilikuwa kazi yake ya siku zote, maana urefa ni wa Jumamosi.

"Unafanya kazi gani?" Kichwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpima macho," alisema Refa.

Kichwa alibana midomo. Alijitahidi sana. Alifikiria misiba, alifikiria mitihani, lakini kicheko kilimtoka puani, na alipoziba uso kwa viganja ili aombe radhi, alisikia kwamba mwenzake naye anacheka. Wakacheka wote wawili hadi mmoja akafuta machozi kwa karatasi iliyotoka kwenye printa.

Lakini jambo halikuwa la kuchekesha kwa kila mtu. Duka la miwani halikuwa lake, aliajiriwa. Jumanne bibi mmoja aliinuka katikati ya kipimo na fremu ya majaribio ikiwa bado usoni, baada ya kuonyeshwa posti ile kwenye simu, akasema hawezi kuyakabidhi macho yake kwa kipofu. Mwenye duka alikuwa ameshamwambia Refa kwamba maneno haya yasipotulia, atatafuta mtu mwingine. Halafu kulikuwa na mama yake mzazi. Mama alikuwa ameisoma posti, akaruka yote, akashika la mke tu. Tangu Jumatatu alikuwa akimtumia mwanawe picha za mabinti wa rafiki zake, moja baada ya nyingine, kila moja na maneno yale yale: huyu je, unamwona?

Kichwa alitaka kuifuta posti papo hapo. Alipopiga simu, Mhariri alikataa, akasema mtu hafukuzi ng'ombe anayetoa maziwa. Na hata ikifutwa, Kichwa alimweleza Refa baada ya kukata simu, blogu nyingine zilikuwa zimeshainakili neno kwa neno, pamoja na makosa ya herufi. Dawa ilikuwa moja. Iandikwe nyingine, ndefu zaidi, ya kweli, inayojibu maswali yale yale kuliko ya kwanza, ipande juu yake na kuisukuma chini.

"Nitaiandika mimi," alisema. "Lakini lazima unijibu kila kitu."

Refa akamwambia duka hufungwa saa kumi na moja.

*

Siku ya kwanza dukani, Kichwa alifika na maswali yake yamepangika kichwani, na yote yakamponyoka. Refa alimwambia kwamba mtu akitaka kuandika juu ya mpima macho, ni haki kwanza apimwe. Akamkalisha kwenye kiti kirefu, akazima taa kubwa, akasogea na kurunzi yake ndogo. Akamwambia amtazame usoni, asipepese.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakusema inakuwaje mtu anapoyaangalia kutoka umbali wa kiganja, kwa taa, huku anapumua polepole ili asikubabaishe. Kichwa aliona kovu dogo juu ya nyusi ya Refa. Aliona kwamba kope zake ni ndefu kuliko zinavyostahili kuwa kope za mwanamume. Mapigo ya moyo yakamwenda mbio mpaka akahofu kwamba kifaa kile kitayasoma.

"Macho yako yanachoka," Refa alisema mwishowe, akirudi nyuma. "Ni kompyuta. Utahitaji miwani ya kusomea."

"Ni hilo tu uliloliona?"

Refa akawasha taa kubwa. "Mengine si ya kuandika kwenye blogu," alisema.

Baadaye walizungumza juu ya mkono. Alimweleza kwamba mfungaji aliutuliza mpira kwa mkono wa kushoto, hapa juu ya kiwiko, na kwamba kamera ilikuwa upande wa pili na haikuona kitu. Mshika kibendera alikuwa amezibwa na mabeki. Katika uwanja mzima uliojaa watu, aliyeona alikuwa yeye peke yake. Akamuuliza kama anamwamini. Kichwa alitaka kusema ndiyo, apendwe, lakini alisema kweli: hakuitazama mechi, hawezi kuapa juu ya mkono ambao hakuuona. Refa akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

Posti ya pili ilitoka Ijumaa. Kichwa aliipa jina "Refa Kipofu Anapima Macho: Majibu ya Maswali Yako Yote." Refa alipoona maneno yale mawili yamerudi, tena mwanzoni kabisa, alikunja uso. Ikabidi aelezwe kwamba ukitaka watu wakupate, simama pale wanapokutafutia, hata kama pana matope. Alikubali shingo upande. Kwenye swali la mke, Kichwa aliandika, akafuta, akaandika tena, mwisho akaweka sentensi moja kavu isiyo na utani: "Hajaoa." Akaitazama muda mrefu. Ilimsumbua kwamba dunia nzima sasa itaisoma.

Posti ilipanda. Ilipanda hadi ile ya kwanza ikabaki chini, mahali ambapo watu hawashuki. Na lililotokea dukani hakuna aliyelitabiri. Mashabiki wa timu iliyofungwa walianza kuja kumtazama kwa macho yao refa kipofu anayepima macho. Walikuja kumzodoa, wakakalishwa kwenye kiti, wakashindwa kusoma mstari wa tatu kwenye ubao wa herufi, wakatoka na miwani. Mwenye duka hakuzungumza tena habari ya kutafuta mtu mwingine. Alianza kumwita Refa "mwanangu".

Maswali ya Kichwa yalikwisha. Safari za dukani hazikukwisha. Kila jioni alipata sababu: fremu inalegea, lenzi ina vumbi, amepita tu. Wakati mwingine walikaa hadi mwenye duka la jirani anashusha mlango wake wa chuma, wakibishana kama kona ni adhabu au zawadi. Jumamosi Refa alipokuwa uwanjani, Kichwa alizitazama mechi kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenye simu, chumbani, sauti imezimwa ili baba asisikie. Hakuwa akiutazama mpira. Kila refa alipotoka nje ya picha, yeye alilalamika.

Mapenzi ni kikohozi, na Shangazi alikuwa na masikio. Jioni moja wakikunja nguo alimuuliza Kichwa huyo ni nani anayemfanya atabasamu akikunja mashuka. Kichwa akamweleza yote. Shangazi alicheka hadi akakaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Kisha akawa mzito.

"Baba yako umwambie akiwa ameketi," alisema. "Na mimi niwepo."

Kichwa alimwambia nusu. Alisema kuna mtu, ni mpima macho, ana adabu, anataka kuja kujitambulisha. Baba alifurahi sana. Alisema macho ni kazi ya heshima, na kwamba fundi na mpima macho ni ndugu, wote wanatafuta kilichoharibika ndani bila kupasua. Binti alifungua mdomo aseme nusu ya pili, akaona jinsi uso wa baba ulivyong'aa, akaufunga. Posti ya pili baba hakuisoma. Alikuwa ameshatangaza kwamba habari za adui hazisomwi.

*

Refa alikuja Jumapili alasiri. Kichwa alimwandikia asubuhi kwamba baba hajui, na Refa akamjibu kwamba mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anakunywa chai yake. Atasema mwenyewe. Kichwa akamwomba asubiri chai ipoe kidogo.

Baba alimfungulia geti kwa mkono wake. Refa akatoa shikamoo yake, akaulizwa habari za wazazi, habari za kazi, akajibu vizuri. Baada ya muda mfupi baba alikuwa amemwonyesha karakana nyuma ya nyumba, akamfungulia friji tatu, akamruhusu kushika bisibisi yake aipendayo, heshima ambayo hata shemeji zake hawakuwahi kuipata. Waliporudi sebuleni walikuwa wakicheka. Shangazi alimnong'oneza Kichwa kwamba kwa mwendo huu kaka yake ndiye atakayemwoa mgeni.

Chai ikamiminwa. Baba akajiegemeza kwenye kochi.

"Na mpira, kijana wangu? Unatazama?"

"Natazama, baba. Kwa karibu sana."

Shangazi akapaliwa na chai. Refa akaweka kikombe chini, akasema, "Baba, kuna jambo nilitaka kulisema kabla hatujaendelea." Lakini baba alikuwa ameshasimama. Alikuwa amepata msikilizaji mpya, na jeraha lake lilikuwa halijapona. Akachukua mto wa kochi uwe mpira. Akamweka Kichwa awe beki, akamweka Shangazi golini pale alipokaa. Akaeleza dakika za nyongeza, akaeleza krosi, akautuliza mto kifuani kama alivyoutuliza mfungaji, akaupiga teke ukampita Shangazi na kuangusha kalenda. Akainua mikono yote miwili. Kisha uso ukamshuka, mikono ikashuka nayo, akamgeukia mgeni wake kama mtu anayemwomba Mungu maelezo.

"Filimbi ikalia. Eti mkono. Nakuuliza wewe mwenye kujua macho. Mkono gani?"

Refa alisimama. Kichwa alimwona akivuta pumzi.

"Wa kushoto, baba."

Baba alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi nywele, akapiga hatua, akainua kiganja chake na kuziba kwa mbali nusu ya uso ule, kama ilivyokuwa kwenye picha. Kisha akakaa.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nilitaka kukwambia mapema. Samahani kwamba umelisikia hivi."

Baba akamgeukia binti yake, ambaye alimwita Mama tangu azaliwe kwa kuwa alipewa jina la bibi yake. "Mama, ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba alisema, na sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeonewa na hali ya hewa. Alikiinua kikombe, akakirudisha. Aliposema tena, alisema polepole, kama anayetafuta njia ya kuwatoa wote mle shimoni.

"Sikiliza, kijana. Mimi si mtu mbaya. Umekuja kwangu kwa heshima, friji umezipenda. Hapa hakuna kamera. Hakuna chama cha mpira. Tuko wanne tu. Sema lilikuwa goli. Neno moja. Ukishasema, tunakunywa chai, na mengine yanaendelea."

Refa alimtazama Kichwa. Na Kichwa, ambaye alifanya kazi ya kuwapa watu jibu wanalolitaka, moyo wake wote ulimsihi Refa alitoe. Neno moja, ndani ya chumba kimoja, nani angeumia? Alimwona akilipima. Aliona kwamba linamuuma kulikataa, na hapo hapo akaogopa kitu kingine kabisa: kwamba atalisema.

"Baba," alisema Refa, "binti yako nampenda. Ningekuwa na kingine cha kukupa ungekipata leo. Lakini mpira ule uligonga mkono."

"Hata kwa ajili yake huwezi?"

"Nikiweza kudanganya kwa ajili yake leo, kesho nitaweza kumdanganya yeye. Utakuwa umempa mtu wa namna gani?"

Baba akamgeukia binti yake tena. "Na wewe unamwamini?"

Kichwa akajishika kwenye kiti. "Mkono sikuuona, baba. Yeye nimemwona."

Baba aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wakasikia karakana ikifunguliwa. Wakasikia friji ikigongwa, kisha nyingine, kisha kimya. Shangazi akamwongezea Refa chai bila kumuuliza, akatundika kalenda mahali pake, akasema kaka yake hugonga akifikiri, na kwamba hofu ianze pale ambapo hagongi. Kichwa alitaka kumfuata, Shangazi akamzuia kwa mkono. Refa alikunywa chai yote. Mkono wake ulikuwa baridi Kichwa alipoushika chini ya meza.

Baba aliporudi alikuwa na grisi mikononi na kwenye paji la uso. Hakukaa.

"Lile lilikuwa goli," alisema. "Nitazikwa nikisema hivyo."

"Sawa, baba," alisema Refa.

"Usiniambie sawa. Nyamaza nimalize. Mpima macho nimempenda tangu getini. Refa simtaki nyumbani kwangu. Nimefikiri nitawatenganisha vipi, nimeona njia ni moja. Jumapili mpaka Ijumaa wewe ni mkwe wangu, mlango uko wazi. Jumamosi sikujui. Ukiniona njiani, usinisalimie."

Refa alilichukua jambo hilo kwa uzito wake. "Na mechi za katikati ya wiki?"

Baba akakuna shingo. Hakuwa amelifikiria hilo. Alimtazama Shangazi, hakupata msaada. "Hizo tutazijadili," alisema, akakaa, akaomba sukari.

Jua lilikuwa limelegea Kichwa alipomsindikiza hadi getini. Walitembea ule uwanja mdogo kwa hatua fupi, kama watu wanaotaka uwe mkubwa. Nyuma yao, kupitia dirishani, baba alikuwa akimwambia Shangazi kwamba kijana ana kichwa kigumu kama jiwe, na alilisema kwa sauti ya mtu anayesifia bidhaa aliyoinunua mwenyewe.

Kichwa alikuwa mwepesi kwa furaha, na mtu mwepesi hachungi ulimi. Alisema Jumamosi hiyo italeta tabu, maana watu wote huoa Jumamosi, na baba hawezi kukaa meza kuu akijifanya hamjui bwana harusi. Itabidi ya kwao iwe Alhamisi.

Halafu akajisikia alichokisema. Akashika chuma cha geti.

Refa alikuwa amesimama, kichwa kimeinama upande, macho yale yaliyotulia yakimwangalia. "Mimi neno hilo sijalitamka bado," alisema. "Umeotea."

"Basi piga filimbi."

Alingoja. Mtaa ulikuwa kimya, na yeye alingoja huku mashavu yakimwaka, hana pa kujificha, na kwa mara ya kwanza hakupatafuta. Refa alisogea, akamfuta kwa kidole gumba alama ya grisi ambayo baba alimwachia begani alipompita, akaendelea kuuweka mkono pale ingawa alama ilikuwa imeshatoka.

"Alhamisi gani?" akauliza.